Swali la Mzee Ngurumo Kuhusu Nyuklia

Pale hospitalini hakuna anayemjua kwa jina lake la kwenye vyeti. Ukimuulizia kwa jina hilo, mlinzi wa getini atakukodolea macho mpaka uone haya. Lakini sema tu "Mzee Ngurumo", utaelekezwa hapo hapo: pita maabara, pita chumba cha kufulia mashuka, fuata bomba la moshi mpaka kwenye kibanda cha matofali chenye mlango wa chuma. Humo mna jenereta ya dizeli iliyojaza chumba karibu kutoka ukuta hadi ukuta, kiti kimoja kilichovunjika egemeo, redio inayoshika stesheni moja tu, na mzee mwenyewe: miaka hamsini na minane, ovaroli ya bluu, masikio yamechoka kwa makelele ingawa mwenyewe hakubali ng'o.

Kazi yake ni nyepesi kuieleza: umeme ukikatika, hospitali isijue. Basi. Kuifanya ndiko kwenye kasheshe. Jina la Ngurumo alipewa na manesi, nusu kwa sababu ya mashine, nusu kwa sababu ya sauti yake. Mtu aliyezungumza kando ya injini kwa miaka thelathini hawezi tena kusema polepole. Hata akinong'ona msibani, safu tatu za mbele zinageuka.

Na ni mdadisi, jamani, mdadisi kupita kiasi. Akikuta saa imekufa, ataifungua. Akikuta friji inanguruma vibaya nyumbani kwa watu, naye ni mgeni, atakuwa ameshainama nyuma yake kabla hajakaribishwa kiti. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, husema siku ya kwanza walipoonana alidhani kijana anamtazama yeye, kumbe anaitazama feni iliyokuwa juu ya kichwa chake.

Kwa hiyo redio ilipotangaza kwamba kuna mpango wa kujenga kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme, ng'ambo ya ziwa, mwendo wa saa moja tu kwa gari, mzee alikosa raha wiki nzima. Nyuklia! Neno lenyewe alizoea kulisikia kwenye habari za vita tu. Sasa linakuja kukaa jirani, na yeye hajui hata linavyowashwa.

"Basi kazi huna," mkewe alimchokoza, pini mdomoni. "Umeme hautakatika tena. Wewe na hiyo mashine yako mtapelekwa makumbusho."

"Makumbusho utanitangulia wewe na cherehani yako ya kukanyaga," alijibu. Lakini lile neno lilimwingia.

Jumapili alasiri alimvizia binti yao, mwalimu wa fizikia wa sekondari, aliyekuja kuwasalimia na furushi la madaftari ya kusahihisha. Mzee alivuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Mwanangu, hebu nieleze. Hiyo nyuklia inatoaje umeme? Na usinieleze kama wanafunzi wako. Nieleze kama fundi."

Binti akaweka kalamu chini. "Baba, kwanza ni kuchemsha maji."

"Kuchemsha maji?"

"Kuchemsha maji. Badala ya kuni au makaa, kuna madini ya urani. Yametengenezwa vipande vidogo kama ncha ya kidole chako. Ndani yake chembe zinapasuka. Kila moja ikipasuka inatoa joto, tena inazipasua nyingine. Joto hilo linachemsha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unasukuma gurudumu kubwa, gurudumu linazungusha jenereta."

Mzee alipiga meza mpaka madaftari yakaruka. "Jenereta! Mama watoto, umesikia? Makelele yote hayo, na mwisho wa safari ni jenereta!"

"Tumesikia mtaa mzima," mkewe akajibu kutoka chumbani.

Akaendelea kuuliza, moja baada ya jingine, kama mtoto aliyepewa ruhusa. Moshi unatokea wapi? Hakuna moshi, Baba, unaouona kwenye picha ni mvuke. Mafuta wanajaza kila siku? Hapana, wanaweza kukaa mwaka na zaidi bila kubadilisha ile urani. Mwaka! Yeye anayehesabu mapipa ya dizeli kila wiki! Na kwa nini waitake hiyo, mbona kuna mabwawa? Binti akamkumbusha miaka miwili iliyopita, mvua zilipogoma, bwawa likabaki tope, umeme ukawa wa mgawo na yeye akawa anashinda kibandani siku saba kwa wiki. Jua nalo ni zuri ila jioni linazama, upepo una siku zake. Nyuklia inawaka usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

"Na wakitaka kuizima?"

"Hapo ndipo penye kazi. Ukizima jiko, sufuria bado ya moto, si ndiyo? Hii imezidi. Hata ukiizima, urani yenyewe inaendelea kutoa joto, siku na siku. Lazima maji yaendelee kuzungushwa ili kuipoza. Isipopozwa, inayeyuka, na hapo ndipo mionzi inapoweza kutoka nje."

"Maji yanazungushwa na nini?"

"Na pampu. Za umeme."

"Umeme gani, nao wameshazima?"

"Wanachukua wa nje, kwenye gridi ya taifa, kama sisi."

"Na wa nje ukikatika?"

Binti akafungua simu, akasoma kidogo, kisha akaanza kucheka. "Baba, hutaamini. Wana jenereta za dizeli. Za akiba."

Mzee Ngurumo alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kinu cha nyuklia, wasomi wote wale, mitambo yote ile, na siku mambo yakiharibika wanamkimbilia mtu kama yeye, mwenye ovaroli na kopo la dizeli! Alisimama akazunguka sebule akijipiga paja. Mkewe akatoka chumbani na futi ya kupimia shingoni, kuja kuona mzee kapatwa na nini.

Halafu kicheko kikamkatika. Alikuwa amewaza jambo moja dogo la kifundi: hizo jenereta zao, nani atazijaribu, na atazijaribuje? Akarudi kitini. Binti akamuuliza kulikoni, akasema hakuna kitu, ni uchovu.

Sasa hapa lazima nikurudishe nyuma miaka kumi na moja, maana si uchovu hata kidogo.

Wakati ule jenereta ya hospitali ilijaribiwa kila Jumatatu saa moja asubuhi. Mzee aliiwasha, akaisikiliza dakika ishirini, akatazama mafuta, maji na mkanda, akaizima, akaandika kitabuni: "Imejaribiwa. Iko sawa." Alichokuwa hafanyi ni kuibebesha mzigo, yaani kuihamishia hospitali yenyewe: taa, mafriji, pampu, vyumba vyote. Mwongozo ulisema aibebeshe. Lakini ukihamisha, taa zinapepesa, kompyuta za mapokezi zinazimika, na daktari mkuu wa enzi hizo alishawahi kumfokea mbele za watu: "Mzee, majaribio yako yanatuharibia kazi!" Basi akawa anaiwasha tu inajinguruma yenyewe, bila mzigo. Usimwone mjinga. Mafundi wenzake aliowajua walifanya hivyo hivyo, na wote walilala usingizi.

Ubaya ni kwamba injini ya dizeli isiyofanyishwa kazi haichomi mafuta yake yote. Masizi na mafuta mabichi hujikusanya ndani, kidogo kidogo, na wewe uko nje unasikia mashine inaimba.

Siku moja umeme ulikatika mchana. Jenereta ikawaka vizuri, ikapokea hospitali nzima, ikaenda kidogo. Kisha ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikafa. Mzee akahangaika na mabomba na machujio kwa mikono mitupu mpaka ngozi ikachubuka. Wakati huo huo, chumba cha upasuaji, mama mmoja alikuwa mezani, kalazwa kwa nusu kaputi. Betri ya mashine ya kupumulia ilitengenezwa kushika muda mfupi tu, mpaka jenereta ipokee. Ikaisha. Sista aliyekuwa mkuu wa chumba kile akachukua mfuko wa kusukumia hewa, akaanza kuukamua kwa mkono, pumzi moja baada ya nyingine, mpaka umeme uliporudi. Yule mama alipona, Mungu ashukuriwe.

Kikaja kikao cha uchunguzi. Wakafungua kitabu cha Jumatatu: sawa, sawa, sawa. Wakamuuliza mzee swali moja: "Ulikuwa ukiijaribu kila wiki?" Akajibu ndiyo, na ilikuwa kweli. Swali la pili, kwa mzigo au bila mzigo, hawakulijua, na yeye akafyata ulimi. Alikuwa na watoto shuleni, aliogopa kufukuzwa. Lakini lazima mtu abebe lawama, na wakamwangukia sista: mbona betri haikushika, mbona hakuhakikisha? Akapewa barua ya onyo, akatolewa upasuaji, kazi aliyoipenda kama roho yake, akapelekwa dawati la chanjo. Yuko huko mpaka leo.

Tangu hapo mzee hajawahi kukosa kuibebesha mzigo hata Jumatatu moja. Madaktari wanung'unike wasinung'unike, taa zitapepesa. Miaka kumi na moja mashine haijamwangusha. Amepewa cheti cha mfanyakazi bora mara mbili, na vyote viwili kavificha nyuma ya kabati, uso ukutani. Na kila asubuhi sista hupita mbele ya kibanda akienda kwenye chanjo zake, husimama kidogo kuulizia jenereta. "Mzee Ngurumo, mtoto wako kaamkaje?" Naye hujibu, "Mzima, Sista, ananyonya tu," wakacheka, kisha sista akaenda zake, na mzee akabaki anajichukia.

Ndiyo maana kicheko kilimkatika. Akiuliza swali lake kuhusu jenereta za kinu, watamuuliza amelijulia wapi. Na akisema alikolijulia, jina lake zuri linakwenda na maji, labda na kazi, na ile salamu ya asubuhi haitakuwepo tena.

Mkutano wa wananchi ulifanyika wiki mbili baadaye, Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye ukumbi wa chuo cha ufundi. Wafanyakazi wa afya walialikwa. Mzee alikaa na binti yake safu ya tano, na safu ya tatu, mbele yake, alikaa sista na wenzake wa chanjo. Mwenye kuzungumza alikuwa injinia wa mradi, mwanamke kijana, sauti ya upole, anayejibu moja kwa moja. Hakutia chumvi. Alisema kinu ni ghali na kitachukua si chini ya miaka kumi. Alisema hakitafukuza mabwawa wala sola, kitashika nafasi ile ambayo vingine vinaiacha wazi. Kinyozi mmoja akauliza kama kinaweza kulipuka kama bomu. Akajibiwa hapana, urani yake haina makali ya kutosha kuwa bomu, lakini kinaweza kuharibika vibaya kwa njia yake na ndiyo maana ulinzi ni mwingi. Mama mmoja akauliza taka zake zitakwenda wapi.

"Zitahifadhiwa majini kwanza, kisha kwenye makasha mazito," injinia alisema. "Ni chache, lakini zinabaki na hatari kwa vizazi na vizazi. Sitaki kuwaambia vinginevyo."

Mzee Ngurumo akampenda papo hapo. Akajikuta kasimama. Kipaza sauti kililetwa, hakukihitaji.

"Mwanangu injinia, maelezo yako yote nimeyapokea. Mimi ni mtu wa jenereta. Hizo jenereta zenu za akiba, mtazijaribu?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kila mwezi. Zitawashwa, na matokeo yataandikwa kitabuni."

"Kwa mzigo?"

"Ratiba ya majaribio inataka hivyo."

"Ratiba najua. Hata yetu ilitaka. Mimi nauliza habari za mtu atakayeziwasha, siku ambayo bosi wake hataki taa zipepese."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. Alimtazama mzee kwa makini, akaweka karatasi zake chini. "Kwa nini unauliza hivyo, mzee wangu?"

Angeweza kukaa. Angesema nauliza tu, mambo yakaisha, na watu wangemsifu kwa swali zuri. Alikiona kisogo cha sista, kitambaa cheupe kimefungwa vizuri, hakijageuka. Akapiga moyo konde.

"Kwa sababu bosi wangu hakutaka, na mimi nikatii," alisema. "Nikawa naiwasha bila mzigo na naandika sawa. Siku ya siku ikafa, mtu yuko mezani anapasuliwa. Aliyemwokoa kwa mikono yake ndiye aliyepewa onyo. Mimi waliniuliza nusu ya swali, nikajibu nusu. Huyo aliyepewa onyo yuko humu ndani. Nimesalimiana naye kila asubuhi miaka kumi na moja."

Mtu nyuma akaanza kupiga makofi, wa pili akafuata, na hapo sista akasimama.

"Msipige makofi," alisema, na makofi yakakatika. Aligeuka akamtazama mzee. "Ulijua lini?"

"Siku ile ile, Sista. Nilipoisikia inakohoa tu, nikajua."

"Siku ile ile. Usiniombe radhi hapa, Mzee Ngurumo. Hapa watakuona shujaa. Jumatatu, ofisi ya daktari mkuu, kwa maandishi."

Akakaa. Mzee naye akakaa, binti yake kamshika mkono.

"Siwezi kukuapia, mzee wangu," injinia alisema. "Kinu hakijajengwa. Atakayeziwasha hizo jenereta huenda sasa hivi yuko darasani anahangaika na hesabu. Ninachoweza leo ni kuliandika swali lako kwenye kumbukumbu za mkutano, kama ulivyolisema, pamoja na sababu yake. Nitaomba anayesimamia majaribio asiwe chini ya yule asiyetaka taa zipepese. Wakinikatalia, mtajua, maana majibu yatasomwa hapa hapa." Akaliandika huku watu wanangoja, na akamsomea alichoandika mpaka mzee akaitikia kwa kichwa kwamba ndivyo.

Nyumbani mkewe alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kushona. "Miaka kumi na moja unalala na mimi na hilo?" aliuliza. Mke akanyanyuka, akaenda kupasha pasi. "Jumatatu utavaa shati jeupe. Huwezi kwenda na ovaroli."

Jumatatu saa moja asubuhi alivua shati jeupe akalitundika msumarini, akaibebesha mashine mzigo, taa zikapepesa hospitali nzima, akaandika kitabuni. Kisha akanawa, akalivaa tena, akaenda ofisini. Daktari mkuu wa sasa ni kijana aliyekuwa hajahitimu wakati ule. Alikuwa amepewa habari nusu nusu, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua aanzie wapi. Sista alishakaa, mkoba magotini.

Mzee aliweka karatasi mbili mezani, zimeandikwa kwa mkono pande zote. Daktari akasoma, akampa sista. Sista akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Akafika mahali kidole kikasimama.

"Umeandika dakika kumi."

"Kumi hivi, Sista. Nilikadiria."

"Kumi na nne," alisema. "Saa ilikuwa ukutani mbele yangu. Nakamua, natazama, nakamua, natazama. Futa uandike kumi na nne."

Mzee akaomba kalamu. Daktari alimshikia karatasi. Akafuta, akaandika, akatia sahihi pembeni.

Daktari mkuu akakohoa. Akaeleza kwamba suala la mzee litapelekwa makao makuu, na huko ndiko litakakoamuliwa, hawezi kumficha kwamba huenda likawa zito. Mzee akasema anaelewa. Barua ya sista, hiyo itaondolewa kwenye faili lake, na yeye daktari ataisimamia mwenyewe. "Tena, Sista, ukitaka kurudi upasuaji, nafasi ipo. Niambie tu."

Sista alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani. "Nimebakiza miezi saba nistaafu, daktari," alisema. "Andika tu kwamba halikuwa kosa langu."

Mzee Ngurumo alikuwa na maneno yake ya kuomba radhi, ameyapanga tangu Jumamosi, lakini badala yake, kwa mara ya kwanza, watu walimwona analia bila sauti. Sista alimwacha alie. Alisimama, akaenda mpaka mlangoni, kisha akageuka na mkono kwenye kitasa.

"Yule injinia wa nyuklia," alisema. "Alikwambia atapeleka swali lako. Ulimwamini?"

Mzee alijifuta uso kwa kiganja. "Bado. Mpaka majibu yasomwe."

"Vizuri," sista akasema, akaenda kwenye chanjo zake.